Ulimi Uonjao na Ulimi Usemao

Ulimi una kazi mbili, kuonja na kusema, nasi walimu wa lugha twaishughulikia ile ya pili mchana kutwa hata tukaisahau ya kwanza. Haya tuyaandikayo yametokana na ubishi uliozuka baina yetu hapa Kigali. Mwalimu mmoja, mtu mzima tunayemheshimu, alishikilia kwamba Kiswahili chaweza kuitaja divai lakini hakiwezi kuieleza. Atakaye kuieleza hana budi kukimbilia Kifaransa. Kwa watu ambao riziki yao ni kuwafundisha wengine kwamba lugha hii yatosha, neno hilo halikuwa dogo.

Kutaja, kwa hakika, tunataja. Zabibu tumelipata kwa Waarabu, ambao kwao ni tunda lililokaushwa. Mvinyo limetokana na Kireno. Divai limetokana na Kifaransa. Mvinyo lilipanuka likawa pia jina la vileo vikali vya kila aina, na kwa hiyo divai limetufaa kubainisha kile kitokanacho na zabibu. Lakini majina ni mlango tu. Ndani ya nyumba mna nini?

Tuliamua kuonja. Tulikutana nyumbani kwetu jioni moja, watu sita, tukiwa na chupa nne za divai nyekundu: ya Bordeaux nchini Ufaransa, ya Afrika Kusini, ya Chile, na ya Dodoma nchini Tanzania. Mwenzetu mmoja, ambaye dini yake haimruhusu kunywa kileo, tulimpa kazi iliyo kubwa kuliko zetu: kuandika kila neno litakalotajwa na kulikataa lile lisilo na maana wazi kwake. Asiyeonja na aelewe kwa maneno matupu; hicho ndicho kilikuwa kipimo chetu.

Chupa zilifungwa magazeti na kupewa nambari, kwa kuwa jicho lisomalo jina la nchi huutangulia ulimi. Mwaka 1976, mjini Paris, waonjaji mashuhuri wa Kifaransa walionja bila kuona majina, na divai nyekundu waliyoiweka ya kwanza ikawa ya California. Aidha, chupa tuliziweka ndani ya jokofu kwa nusu saa. Divai nyekundu hupendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18, na chumba chetu kina joto zaidi ya hapo. Ikipata joto jingi, kileo hupanda puani na kuifunika harufu ya tunda.

Neno la kwanza lilikuja bila kutafutwa. Aliyeonja chupa nambari 2, ambayo baadaye ilijulikana kuwa ya Bordeaux, alikunja uso akasema, “Ina ukakasi.” Mwandishi wetu hakuuliza maana: alikwisha kula mabibo na ndizi mbichi. Ukakasi huo waletwa na tanini, ambayo hutoka katika maganda na mbegu za zabibu, na pengine katika mapipa ya mti wa mwaloni. Maganda hayo hayo ndiyo yatiayo rangi nyekundu, kwani maji ya zabibu nyingi nyeusi hayana rangi. Tanini imo pia katika magome ya mkandaa, yatumiwayo kulainishia ngozi, na katika majani ya chai. Si ajabu kwamba watu wa pwani huiita chai isiyo na maziwa chai ya mkandaa.

Baada ya hapo maneno yalifuatana. Ile ya Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, ilikuwa na ugwadu kidogo na harufu ya zambarau. Ile ya Chile ilinukia pilipili hoho mbichi. Ilikuwa ya zabibu iitwayo Carmenère, ambayo kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa Merlot hata ilipotambuliwa mwaka 1994. Ile ya Afrika Kusini ilikuwa na harufu ya moshi. Zabibu yake, Pinotage, ilipatikana mwaka 1925 pale A. I. Perold alipochanganya Pinot noir na Cinsaut, iliyoitwa Hermitage huko. Jina lake, kama mwalimu wa sarufi atakavyoona, limeungwa kwa vipande viwili kama tunda lenyewe. Iliyopoa ladha tuliiita chapwa, iliyotimia tukasema imekolea, na yaliyobaki chini ya chupa ni mashapo. Kwa ile harufu ya karatasi zilizoloa, itokanayo na kizibo chenye dosari, tulikuwa na uvundo tangu zamani.

Mzee wetu aliyakubali hayo yote, ila akauliza: divai ikijaa kinywani kama maziwa na si kama maji, mwasemaje? Wengine walisema ni nzito, wengine nene; mwandishi aliyakataa yote mawili, kwa kuwa uji pia ni mzito, na hakuna alichokibainisha. Hapo tulishindwa kuafikiana, na suala hilo lingali wazi.

Lakini tulilojifunza tumelipeleka darasani, pasipo divai. Wanafunzi wetu huonja chai ya rangi iliyokoza, ukwaju na pera bichi, kisha hutafuta neno kabla ya kufungua kamusi. Kijana aliyekuwa amekariri ukakasi kwa ajili ya mtihani sasa analijua kwa ulimi wake, wala halisahau.

Ndugu walimu mlio kwingine, ikiwa kwenu liko neno la ule ujazo wa kinywani, tuandikieni. Mzee angali anangoja jibu.