Kuacha Toleo la Zamani Kuna Adabu Yake

Kuna swali moja madevelopa hulikwepa mpaka maji yawafike shingoni: programu huria iache lini kusapoti matoleo ya zamani ya lugha inayoiendesha? Ukilisikia hivo utadhani ni mambo ya watu wenye laptopu za laki mbili. Mimi nakaa Shika Adabu, huku Likoni, ng'ambo ya feri, na mwaka huu swali lenyewe limenikalia mezani. Msimamo wangu nautoa mapema nisiwamalizie bando: matoleo ya zamani lazima yaachwe, lakini kuna adabu yake. Na mtu anayetoka mtaa wenye jina hili hana kisingizio.

Kwa wale hawaandiki programu, nieleze kidogo. Programu iliyoandikwa kwa Python haitembei peke yake. Lazima Python yenyewe iwe imewekwa kwenye mashine. Programu ni abiria, Python ndio matatu. Sasa Python hutoa toleo jipya kila mwaka, na kila toleo huhudumiwa kama miaka 5 hivi, kisha linaachwa. Toleo la 3.8 lilitoka Oktoba 2019 na likafungwa Oktoba 2024. Tangu hapo, tundu la usalama likionekana ndani yake, wenyewe hawalizibi tena.

Mimi nina kiprogramu cha vyama. Si vyama vya siasa, ni vile vya kina mama vya kuweka na kukopa. Kinaandika michango, mikopo na faini za kuchelewa, na Desemba kinapiga hesabu ya nani apate ngapi. Msimbo wake uko wazi, yeyote anachukua bure, anabadilisha, akitaka anarudisha. Nilianza mwenyewe, sasa tuko watatu: mmoja yuko Dar, mwingine Eldoret. Hakuna anayelipwa hata shilingi.

Yule wa Dar ndiye aliyeleta hoja. "Kaka, 3.8 imeshazikwa. Sisi bado tunaibeba ya nini?"

Na wallahi ana hoja. Kila toleo unalosapoti ni toleo unalopaswa kulijaribu kila ukigusa msimbo. Sisi tunajaribu matoleo sita, kuanzia 3.8 hadi 3.13. Unarekebisha kitu kwenye 3.12, unakuta umevunja kwenye 3.8, saa tano usiku, na kesho una kazi. Halafu vitu vizuri vya lugha huwezi kuvigusa. Ile namna ya kupanga maamuzi kwa neno match ilikuja na 3.10, ukiitumia, wa 3.8 haiwaki kabisa. Na laibrari kubwa zishahama. NumPy 1.25, iliyotoka Juni 2023, ilidai angalau Python 3.9. Django 5.0, Desemba mwaka huo huo, ikadai 3.10. Sisi ni watatu tu, tutabaki nyuma tukishika nini?

Sasa sikilizeni upande wa pili. Python 3.8 ndio toleo la mwisho linalokubali kuingia kwenye Windows 7. Kuanzia 3.9, ukijaribu kuiweka inakukatalia. Hapo ndipo namba inapata sura ya mtu. Huku kwetu laptopu nyingi za vyama ni mtumba, zimepita mikono mitatu, na baadhi bado ziko kwenye Windows 7. Kwa hivo nikisema "tunaacha 3.8", ninachosema kwa Kiswahili cha nyumbani ni: "Mama, mashine yako haimo tena."

Miradi mikubwa huamua kwa kuhesabu. WordPress hutazama ni tovuti ngapi bado zinatumia toleo fulani la PHP, na watumiaji wakishuka chini ya asilimia 5, toleo hilo linaingia kwenye orodha ya kuachwa. Ndivyo PHP 7.0 na 7.1 zilivyoondoka kwenye WordPress 6.6, Julai 2024. Wao inawezekana, manake tovuti ziko mtandaoni na zinahesabika.

Sisi tuhesabu nini? Idadi ya waliopakua? Programu za Python hupakuliwa sana na mashine zinazojaribu msimbo usiku kucha, si watu. Na watu wangu mimi hawapakui. Nimewawekea kwa flashi, mmoja mmoja, hapa Shika Adabu, Mtongwe na Timbwani. Kwenye takwimu hao ni sifuri. Yaani wale watakaoumia ndio hasa wale wasioonekana kwenye hesabu. Hio ndio sababu siamini asilimia peke yake kwa mradi mdogo kama wetu.

Basi nikafanya hesabu ya miguu. Nimezunguka kwa waweka hazina ninaowajua, nikakuta mashine sita za Windows 7. Tatu zinaweza kuwekwa Linux nyepesi kama Lubuntu, zikapata Python mpya na maisha mengine. Moja mwenyewe yuko njiani kununua nyingine. Mbili haziendi popote: moja inategemea printa ambayo nimeshindwa kuiamsha kwenye Linux, nyingine mwenyewe hataki iguswe. Ni ya mama mmoja wa Timbwani, na aliniuliza swali ambalo hakuna devalopa aliyewahi kuniuliza.

"Mwanangu, sasa hio mpya ikija, hii yangu itazimika?"

"Hapana, mama. Itabaki hivo hivo."

"Na Desemba? Manake Desemba ndio twagawana."

Hebu tulia na hilo swali la kwanza. Wengi mtakumbuka noti ya zamani ya elfu moja. Tarehe 1 Juni 2019, Madaraka Day kule Narok, Gavana wa Benki Kuu Patrick Njoroge alitangaza kwamba mwisho wake ni 30 Septemba. Miezi minne. Sababu ikatajwa: pesa haramu na noti bandia. Mahali pa kubadilisha pakatajwa. Na noti za zamani za 50, 100, 200 na 500 hazikuguswa. Ukiitazama kama devalopa, huo ulikuwa mpango mzuri: acha kile tu kinacholeta mzigo, toa tarehe, toa sababu, onyesha mlango. Hata hivyo noti kama milioni 7.4 hazikurudi, na siku ya pili zilikuwa karatasi.

Programu huria haiko hivo. Nikiacha 3.8 leo, nakala iliyo kwenye laptopu ya yule mama haigeuki karatasi. Itaendelea kujumlisha na kutoa vile vile, manake hakuna gavana wa kuifuta. Kwa hivo hofu ya "tutawatupa watu" mara nyingi tunaikuza. Kinachomuumiza mtu ni vitu viwili tofauti kabisa, na hivyo ndivyo nilivyovipigania kwenye mjadala wetu.

Cha kwanza ni faili. Mwenzetu wa Dar alitaka tuache 3.8 na papo hapo tubadilishe muundo wa faili la hesabu. Hapo nilikataa. Chama hakiko kwenye mashine moja. Mwenyekiti ana laptopu mpya ya mwanawe, mweka hazina ana ile ya zamani, na faili linazunguka kwa flashi kila mwezi. Toleo jipya likiandika faili ambalo la zamani haliwezi kulifungua, basi yule wa zamani umemfukuza kweli, hata kama programu yake bado inawaka. Tumekubaliana faili libaki vile lilivyo mwaka mzima baada ya kuacha 3.8. Uhamisho mmoja kwa wakati mmoja.

Cha pili ni lile toleo la mwisho. Wengi huacha toleo la zamani pale pale lilipofika, na makosa yake, kisha wanakimbilia jipya. Nasema toleo la mwisho ndilo linalostahili kusafishwa kuliko yote, manake kuna mtu ataishi nalo miaka. Wanaojifunza kuandika programu kwa simu wanaijua Termux. Januari 2020 waliacha Android 5 na 6. Mwaka 2022 wakairudisha programu yenyewe kwa simu hizo, lakini wakasema wazi kwamba apdeti za vifurushi hazitakuja. Napenda uwazi huo: chukua hiki, kinafanya kazi, usitarajie zaidi. Na kwa wanaotumia pip, ni mstari mmoja tu wa kutaja Python inayohitajika. Pip itampa mwenye mashine ya zamani toleo la mwisho linalomfaa, bila kumtupia makosa mekundu asiyoyaelewa.

Kuna watakaosema, si basi usapoti milele, kwani kuna shida gani? Shida ipo. Python 2 ilipangiwa kufungwa 2015, ikasogezwa hadi Januari 2020, ilhali Python 3 ilikuwako tangu Desemba 2008. Miaka kumi na moja watu wakibeba mizigo miwili. Na kuna suala la ukweli: Windows 7 yenyewe iliachwa na Microsoft Januari 2020. Nikiendelea kuandika "tunasapoti", yule mama atadhani yuko salama hata akiingia nayo intaneti, na mimi siwezi kumlinda na hilo. Afadhali nimwambie uso kwa uso: hii itumie kwa hesabu za chama tu, mambo ya benki usifanyie humu.

Kwa hivo tumeamua hivi. Hakuna kitakachoguswa kabla ya Desemba. Mwezi wa kugawana pesa si mwezi wa majaribio. Januari watu wafunge vitabu. Februari tunatoa toleo la mwisho la 3.8, limesafishwa, lina maelezo ya Kiswahili, na nakala inakaa mahali pa kudumu panapojulikana. Mwaka mmoja baada ya hapo tutarekebisha ndani yake kosa la hesabu tu, si urembo, si vitu vipya. Kaka wa Dar atapata match yake kwenye toleo jipya, na amesema mwenyewe ataandika jaribio la kuhakikisha mafaili ya pande zote mbili yanafunguka. Wa Eldoret anaandaa maelezo ya kuweka Lubuntu kwa zile mashine tatu.

Kama una mradi wako, hata wa watu kumi, usinakili tarehe ya mtu mwingine. Uliza kwanza: nani amebaki huko, kwa nini hajahama, na mwezi gani ukimgusa utamvunjia kazi. Ukishapata majibu, weka tarehe na uisimamie.

Na kama una laptopu ya Windows 7 yenye kiprogramu chetu, au unamjua mweka hazina aliye nayo, niandikie kabla ya Desemba. Ukiwa huku Likoni nitakuja mwenyewe. Flashi ninazo.