Kutoka Steshenari ya Stendi hadi Kituo cha Sayansi

Kompyuta ya kwanza niliyoizoea Bagamoyo ilikuwa ya kuandikia shida za watu. Ilikaa kwenye steshenari karibu na stendi, kila jioni inafunikwa kitambaa cha kudarizi, na mwenye kuitumia alikuwa dada mmoja ambaye vidole vyake vilikwenda bila yeye kutazama chini. Watu walimjia na maneno mdomoni: barua ya kuomba kazi hotelini, makubaliano ya kuuziana shamba Kaole, orodha ya michango ya harusi. Aliwasikiliza, akanyoosha maneno yao yalipopinda, akachapa. Sisi tuliotumwa fotokopi tulisimama mbele ya kaunta tukimtazama kama mtu anavyomtazama daktari.

Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi, nikialikwa kuzungumza na wanafunzi, mwenyeji hunitambulisha kuwa ni msichana aliyethubutu kuingia fani ya wanaume. Bagamoyo ya utoto wangu isingemwelewa. Kwetu kompyuta ilikuwa kazi ya kike kabisa, ilimradi iishie kwenye kuchapa. Wanaume walikwenda baharini, walichonga milango, waliendesha malori. Mvulana aliyeshinda steshenari alitaniwa mpaka akatafuta kazi nyingine. Sasa ilikuwaje mashine ileile, katika muda usiofika hata umri wangu, ikahama upande?

Mama mkubwa, aliyenilea, alikuwa na mpango wake. Nimalize kidato cha nne, niende Chuo cha Uhazili Tabora, nirudi katibu muhtasi. Kizazi chake kilikua wakati nchi imefunga mlango: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Kwake mashine yoyote yenye vitufe ilikuwa mtoto wa taipureta, na taipureta maana yake ofisi yenye feni, kiti cha kuzunguka na mshahara wa mwisho wa mwezi. Barazani kwetu bibi alikaa akisuka ukili, chane za ukindu zimelowekwa pembeni, na mama mkubwa akipita alininong'oneza, "Mwanangu, vidole hivyo usivimalizie kwenye majani." Bibi alisikia, akaendelea kusuka.

Nilianza kidato cha kwanza 2009, katika shule ya kata. Julai ya mwaka huo mkongo wa SEACOM wa chini ya bahari ulianza kazi Dar es Salaam, na magazeti yakaandika kana kwamba mvua imenyesha. Bagamoyo, mwendo wa kilomita kama 70 tu kutoka jijini, hatukuona tofauti siku hiyo wala mwezi huo. Lakini baadaye kidogo steshenari ilinunua modemu, na kupitia modemu ile yakaanza kushuka maua: mapambo ya kadi za harusi yaliyotengenezwa na watu wa India na Nigeria, ya kuchukua bure. Dada wa steshenari akaacha kuchapa kadi kwa herufi tupu, akajifunza CorelDRAW, na likizo akaniita nimsaidie.

Kadi ya harusi ya pwani ina siasa zake. Nani anatangulia kuandikwa, baba mzazi au mjomba aliyetoa mahari? Jina la marehemu bibi linakaa wapi? Familia ya mume inasema rangi ya zambarau, upande wa mke umekwishanunua sare za kijani. Nimewahi kuona shangazi wawili wakipokonyana kipanya. Kazi yetu ilikuwa kupanga yote hayo katika karatasi ndogo isiyoongezeka, kila mtu akiisoma ajione ameheshimiwa. Hakuna aliyetuambia kwamba hiyo ni taaluma yenye vyuo vyake.

Juu kabisa lazima ikae Bismillahi kwa herufi za Kiarabu, na programu yetu ya zamani haikuzijua. Ilizitawanya moja moja, kila herufi peke yake, tena ikianzia kushoto. Mteja asiyesoma Kiarabu angeondoka nayo vizuri tu, lakini mimi nilikuwa natoka chuoni kwa maalimu kila alasiri, mkono wangu umezoea kuanzia kulia, na yale maandishi yaliyovunjika yaliniuma macho. Nikaiandika Bismillahi kwa kalamu ya mwanzi, tukaiskani, tukaipandisha kama picha. Ilipendwa, na kadi zetu zikatambulikana mjini. Nikiulizwa niliingia lini katika usanifu, siku hiyo ndiyo ninayoikumbuka, ingawa neno usanifu wakati huo nililijua kwa maana ya majumba.

Ajabu ni kwamba mji wetu una shule ya sanaa iliyonizidi umri. Chuo cha Sanaa kilianzishwa 1981, na tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Wakati wa tamasha lake mji wote unahamia huko. Tulikwenda kutazama ngoma na sarakasi, lakini mimi nilipenda kuchungulia mchana, wanafunzi wakipaka rangi mandhari ya jukwaa, mmoja yuko juu ya ngazi, mwingine kasimama mbali akimwelekeza apandishe mstari. Mandhari yale, maua ya milango ya Mji Mkongwe wetu na ukili wa bibi vilikuwa ndani ya mji mmoja, na shuleni tulisoma Hisabati kama kitu kilichotoka sayari nyingine.

Hapo Hisabati ndipo mlango ulipokuwa. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne 2012, mwaka ambao wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa. Matokeo yalipotoka Februari 2013, zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa nchini walikuwa na sifuri. Kelele zikawa kubwa, bungeni mpaka vijiweni, serikali ikayafuta na Mei yakatangazwa upya. Nilikuwa miongoni mwa waliopona mara zote mbili, tena kwa Hisabati, somo linaloongoza kwa kufelisha.

Ningependa kuandika kwamba ukili wa bibi ndio ulionifundisha hesabu. Ingekuwa hadithi tamu, lakini niliyemtegemea ni kijana mmoja aliyemaliza kidato cha sita akisubiri chuo, aliyetufundisha tuisheni kwa vijisenti, ubao umeegemezwa ukutani kwao. Tuisheni ilianza jioni watu wakishatoka kwenye shughuli, ikamalizika usiku. Nyumba nyingi, binti anatakiwa awe ndani Magharibi ikiadhiniwa, maji yamechotwa, moto umewashwa. Mama mkubwa aliniruhusu kwa sababu yule dada wa steshenari alifunga duka saa hizohizo, akakubali kunipitia tukatembea pamoja. Wenzangu hawakuwa na wa kuwapitia. Katika darasa letu wasichana walikuwa wazuri wa kugawanya mpaka kidato cha pili. Kilichowashinda ni saa moja ya usiku. Nimesoma sababu nyingi za kitaalamu kuhusu wasichana na sayansi, na sijaona hiyo ikipewa nafasi yake.

Basi ndivyo mashine ilivyohama. Ilipokuwa ya kuchapa, ilidai vidole na subira, na msichana aliingia moja kwa moja kutoka shuleni. Ilipokuwa ya kuandikia programu, ilidai cheti chenye Hisabati, na Hisabati ilifundishwa gizani.

Mama mkubwa hakufurahi nilipochaguliwa kidato cha tano, mchepuo wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), badala ya Tabora. Alifurahi kidogo zaidi nilipopata mkopo wa kusomea sayansi ya kompyuta jijini, kwa sababu mkopo una barua yenye nembo ya serikali. Chuoni wavulana wengi walikuja na laptopu zao na michezo waliyocheza tangu wadogo. Wasichana tulikuwa wa kuhesabika. Kazi za vikundi zikaja, na wakati wa kugawana majukumu nikasikia sentensi niliyoitambua mara moja: "Wewe utaandika ripoti, unachapa haraka." Nimetoka Bagamoyo yote ile, nimepita sifuri za 2012, nikarudishwa steshenari! Nilichapa ripoti ya kwanza. Ya pili nilisema nitaandika programu, na anayetaka ripoti nzuri anipe shilingi kwa ukurasa kama wateja wengine. Walicheka, na tukagawana upya.

Baadaye nilisoma kwamba waliopanga programu za ENIAC, mashine kubwa ya Marekani iliyotangazwa 1946, walikuwa wanawake sita, kwa kuwa wakubwa waliiona kazi hiyo kuwa ya ukarani. Kazi ilipopanda hadhi, nao wakasahaulika. Niliisoma habari hiyo nikamkumbuka dada wa steshenari, sikushangaa hata kidogo.

Bibi aliingia kwenye hadithi hii kwa mlango wa nyuma, mwaka wangu wa kwanza chuoni. Tulipewa zoezi la kuchora vinyota kwenye skrini kwa lupu iliyo ndani ya lupu, pembetatu, kisha almasi, kisha mshazari unaokwenda na kurudi. Wenzangu walijaribu kwa kubahatisha namba. Mimi nilichukua karatasi nikaanza kufuata chane. Anayesuka ukili husuka kwa mshazari: chane inapita juu ya mbili, chini ya mbili, inafika ukingoni, inakunjwa, inarudi. Ukiweka moja yenye rangi, unaweza kusema kabla itatokea wapi baada ya mizunguko mingapi, maana inategemea idadi ya chane ulizoanza nazo. Bibi alijua hilo. Alianza ukili mrefu wa mkeka mzima, vipande vingi vya kuja kushonwa bega kwa bega, na maua yakakutana kwenye mshono. Akikosea, alihesabu kurudi nyuma mpaka kwenye kosa, akafumua hapo tu.

Mhadhiri mmoja alipoona karatasi yangu aliniuliza kama namfahamu Paulus Gerdes. Sikumfahamu. Alikuwa mtaalamu wa hisabati aliyefanya kazi Msumbiji, akatumia miaka mingi kuchunguza ususi, ukiwemo wa sipatsi, vikapu vya mkononi vya Inhambane, akakokotoa ni mapambo ya namna ngapi yanawezekana kwa idadi fulani ya chane. Inhambane iko mbali kusini, lakini ni bahari ileile. Nilipokwenda likizo nikamweleza bibi kwamba kuna profesa ameandika vitabu kuhusu kazi kama yake. Akauliza, "Anasuka?" Nikasema alijifunza. "Basi ni mwenzetu," akasema, akanituma maji ya kulowekea.

Mama mkubwa alikuwepo. Sikumwambia neno, naye hakuniambia, ila jioni hiyo nilimwona amekaa chini ameshika ukili wa mama yake anauangalia upande wa nyuma.

Njia yangu ikanifikisha Kituo cha Sayansi. Kwa asiyejua, hicho ni kituo cha daladala Kijitonyama, Dar es Salaam, kilichopata jina kutokana na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Konda anapiga kelele "Sayansi, Sayansi wanaoshuka!" na mama mwenye ndoo ya samaki anashuka, na mimi nashuka. Ndani ya jengo la COSTECH ilianza Buni Hub, 2011, ambako vijana walikutana kujaribu mawazo ya biashara za kidijitali. Mwaka 2013 Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls, kuwafundisha wasichana wa sekondari kuandika programu. Mwaka huo mimi nilikuwa nimesubiri matokeo yapangwe upya. Hao wadogo zangu walianza mapema, tena mchana, na tofauti naiona ninapofanya nao kazi.

Hapo Sayansi ndipo nilipogundua kwamba kupanga kadi ya harusi na kupanga skrini ni kazi moja. Tangu hapo usanifu ndio ninaousomea na kuufanyia kazi, programu nikiandika pale inapobidi. Kazi ya sasa ni ya nyumbani: kikundi cha VICOBA, cha akiba na mikopo, cha kina mama, wengi wao wasusi na wauza samaki, wanataka daftari lao liingie kwenye simu. Simu zao ni vitochi. Kwa hiyo hakuna picha, hakuna rangi, kuna menyu ya nyota na namba, ya aina waliyoizoea tangu M-Pesa ilipoingia nchini 2008. Ukurasa mmoja wa menyu hiyo hauzidi herufi 182. Kiswahili, chenye maneno marefu, kinazimaliza upesi. "Umefanikiwa kuwasilisha mchango wako" peke yake imekula 36 na nafasi zake.

Wenzangu wa ofisini walidhani kitu cha kwanza kwenye menyu kiwe salio, maana waliona benki zikifanya hivyo. Nilikaa na kina mama barazani, nikawapa vikaratasi vyenye huduma kila kimoja wavipange wenyewe. Salio wakalisukuma mwisho, wote, bila kujadiliana. Simu ya mmoja anashika mumewe, ya mwingine wanachezea watoto, na kujua mwanamke ana akiba kiasi gani si habari ya kukaa mlangoni. Juu waliweka mchango wa wiki hii, kisha zamu ya kukopa. Salio likafichwa nyuma ya namba ya siri, na mama mkubwa, ambaye ni mtunza hazina, akataka namba hiyo iulizwe mara mbili. Tumefanya hivyo.

Kinachotukwamisha sasa ni faini ya kuchelewa. Mwenyekiti anataka jina la aliyechelewa lionekane kwa wote, kama linavyosomwa mkutanoni. Mama mkubwa anasema mkutanoni mtu anaweza kujitetea, kwenye simu hawezi. Jumamosi tunakutana tena Dunda, Bagamoyo, kulimaliza, na nimebakiwa na herufi 41.