Nyumba yangu ya magurudumu manne, na tundu nililosahau

Siku hizi kila ninapokutana na wanaprogramu wenzangu, swali la kwanza si kuhusu kazi. Wanataka kujua kama bado ninalala ndani ya matatu. Jibu ni ndiyo, bado, ingawa mwaka wa 2024 nilikaribia kuacha kabisa, na sababu yake sijawahi kuieleza vizuri. Leo nitaieleza, pamoja na mambo ya betri na waya ambayo najua ndiyo wengi wenu mnayatafuta.

Tuanze na matatu yenyewe. Ni Toyota HiAce, ile ambayo watu wa matatu huiita shark, yenye injini ya dizeli ya 5L. Baba aliinunua mwaka wa 2009 ikiwa imetumika Japani, akaiendesha kati ya Nyahururu na Nakuru kwa miaka kumi na mitatu. Ndiyo iliyonilipia karo hadi nikapata shahada yangu ya sayansi ya tarakilishi. Magoti yake yalipoikataa klachi mwaka wa 2022 alitaka kuiuza, nikamwomba aniuzie mimi. Alidhani nitaandika dereva. Nilipong'oa viti vyote na kumwita fundi wa mbao, hakuniongelesha kwa wiki tatu. "Hiyo ni gari ya kazi," alimwambia mama, "sasa kijana anaifanya kitanda." Ule mstari wa manjano tuliowekewa na sheria za Michuki mwaka wa 2004 ulibidi ufutwe, maana si gari la abiria tena, na matumizi yake yakabadilishwe kwenye karatasi za usajili. Foleni za siku hizo nitawasimulia siku nyingine, nikiwa na roho nzuri.

Jambo moja la mbao halafu tuendelee. Matatu hii ilizoea kubeba watu kumi na wanne, karibu tani moja ya binadamu kabla ya mizigo yao, kwa hiyo uzito wa jumla si tatizo kubwa. Tatizo ni uzito ulioegemea upande mmoja. Fundi alitaka kutumia plaiwudi ya milimita 18 kila mahali, na kipande kizima cha futi nane kwa nne kina kama kilo 30. Tulitumia milimita 12, maji (jerikani mbili za lita 20) yakakaa kulia, na kabati la vyombo kushoto. Choo? Msiniulize. Kuna vituo vya mafuta.

Haya, umeme. Hapa ndipo nilipojiona hodari, na ndipo nilipoanza kuaibika.

Nilifanya hesabu kama nilivyofundishwa. Laptopu (kipakatalishi, walimu wangu wa Kiswahili wanisamehe) inakula wati 45 kwa saa 8, yaani wati-saa 360. Friji ndogo ya volti 12 inawaka na kuzima yenyewe, wastani wake wati 18 usiku na mchana, jumla 432. Ruta ya intaneti wati 10 kwa saa 12 ni 120. Taa na pampu ya maji tuseme 50. Jumla ni wati-saa 962 kwa siku. Betri yangu ni ya lithiamu, ile ya chuma na fosfeti, volti 12.8 na ampea-saa 100, kwa hiyo imebeba wati-saa 1,280. Ya asidi ya ukubwa huo huo ungepaswa kuitumia nusu tu kama hutaki kuiua mapema. Juu ya paa nina paneli mbili za wati 150. Faida yetu sisi wa ikweta ni kwamba paneli ikilazwa paani bila kuinuliwa bado inafanya kazi vizuri, maana jua la mchana halikai mbali na utosi. Wati 300 mara saa 5 za jua kamili, ondoa asilimia 30 ya hasara za njiani, unapata 1,050. Inatosha na chenji inabaki. Nilifurahi mno.

Kosa la kwanza lilikuja wiki hiyo hiyo. Fundi aliyenifungia waya ni mzuri sana wa nyumba, na alitumia waya wa nyumba, wa milimita mraba 2.5, kutoka kwenye betri hadi kwenye inveta upande wa pili wa gari, mita nne kwenda na mita nne kurudi. Ndani ya nyumba waya huo unabeba volti 240, na jiko dogo la wali la wati 500 linavuta kama ampea 2. Kwenye volti 12 jiko lile lile linavuta zaidi ya 40. Joto la waya linakua kwa mraba wa ampea. Ukipiga hesabu utaona wati zaidi ya 100 zinaishia kwenye waya tu, sawa na kuwasha balbu ya zamani ya wati 100 kisha kuizika ndani ya ukuta wa mbao. Wali ulikuwa haujachemka niliposikia harufu ya plastiki. Na fyuzi haikuwepo! Fundi aliniambia volti 12 haziwezi kumrusha mtu. Ni kweli, haziwezi. Lakini betri ya lithiamu ikigusanishwa nyaya zake inatoa mamia ya ampea kwa mara moja, na hizo zinachoma gari bila kumrusha mtu yeyote.

Kwa hiyo ukitaka kuiga, fanya hivi. Inveta ikae karibu na betri, nusu mita hivi, kwa waya mnene. Fyuzi iwe hapo hapo kwenye ncha chanya ya betri, si kule mbele kwenye kifaa. Laptopu usiichaji kupitia inveta, kwani unapandisha volti 12 hadi 240 ili chaja izishushe tena, na kila ngazi inatoza ushuru. Kuna chaja za USB-C zinazokula volti 12 moja kwa moja. Betri usiiweke chini ya viti vya mbele. Kwenye HiAce injini iko hapo chini, na lithiamu haipendi kuchemshwa. Altaneta nayo usiiunge na lithiamu hivi hivi, betri itavuta kila inachopewa hadi altaneta iungue. Weka chaja maalumu katikati, yangu imewekewa mpaka wa ampea 20.

Baada ya hapo nikaweka kipima-umeme nilichokiunda mwenyewe, chipu ya ESP32 inayoandika volti na ampea kila sekunde kumi. Nikawa na grafu. Mwanaprogramu akishakuwa na grafu huamini anajua kila kitu.

Sasa niwaeleze kuhusu baridi na vumbi. Matatu ya Baba ilikuwa inavuja kila mahali. Vumbi la barabara za shamba liliingia kupitia mlango wa nyuma hadi kwenye kibodi, na usiku upepo ulipita kama abiria asiyelipa. Mapema mwaka wa 2024 nilitumia wikendi mbili nzima kuziba. Raba mpya kwenye milango yote, silikoni kwenye kila tundu la skrubu lililoachwa na viti, sponji ya kuzuia baridi nyuma ya mbao. Nilijivunia kazi ile kuliko programu yoyote niliyowahi kuandika. Vumbi lilikoma kabisa.

Julai ya mwaka huo nilikuwa nimeegesha kwenye shamba la jamaa zetu nje kidogo ya Nyahururu, zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Mdogo wangu alikuwa amemaliza kidato cha nne na anangoja kujiunga na chuo kikuu, akaja kukaa nami. Mnaojua Julai ya huko mnajua. Siku tatu mfululizo hatukuliona jua. Siku ya tatu grafu yangu ilionyesha wati-saa 310. Ile hesabu ya saa 5 za jua ilikuwa ya Februari, na mimi nikaitumia kama sheria ya mwaka mzima. Betri ilikuwa inaelekea mwisho na mimi nilikuwa na kazi ya usiku, toleo jipya la programu ya mteja ambalo lazima lipandishwe kwenye seva wakati wateja wake wamelala. Friji nikaizima. Kuhusu kupasha gari joto kwa umeme, hata betri ikiwa imejaa, hita ya wati 1,000 ingeimaliza kwa saa moja na kidogo.

Saa tano usiku mdogo wangu alikuwa anatetemeka ndani ya blanketi mbili. Nikachukua jiko la makaa, nikaliwasha nje, nikangoja makaa yashike vizuri yawe mekundu bila moshi, kisha nikaliingiza ndani na kufunga mlango. Nilidhani hatari iko kwenye moshi. Nyumbani tulikua na jiko ndani ya jikoni ya mabati yenye mianya pande zote, na hakuna aliyewahi kudhurika.

Mnamo saa nane usiku nilikuwa nasoma mstari mmoja wa msimbo. Ulikuwa kitanzi cha kawaida, cha kuhesabu kutoka sifuri, nilichokiandika mwenyewe mchana. Sikukielewa. Nilikisoma tena na tena, kichwa kikinigonga, nikadhani ni usingizi. Kisha nikaona nimekisoma labda kwa dakika ishirini. Nikamwita mdogo wangu anitilie chai, hakujibu. Nikamtikisa, akatapika bila kufungua macho.

Sijui nilifunguaje mlango. Miguu haikuwa yangu. Nilimburuta hadi kwenye nyasi zenye umande, nikapiga kelele mpaka jamaa zetu wakatoka na pikapu yao.

Hospitalini muuguzi alimvalisha kile kifaa cha kidole kinachopima oksijeni ya damu. Kikasoma 98. Nikapumua, nikafikiri tumepona. Daktari wa zamu alikitazama, akauliza tulikuwa tumelala na nini, nilipotaja jiko akaamuru oksijeni ya barakoa papo hapo. Baadaye alinieleza. Gesi ya makaa, kaboni monoksidi, hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kifaa kile cha taa mbili hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba sumu. Zote kinaziona nyekundu. Katika hewa ya kawaida nusu ya sumu hiyo huchukua saa nne hadi tano kutoka mwilini, kwa oksijeni safi ya barakoa ni kama saa moja na nusu. Mimi mtu wa grafu nilikuwa tayari kuondoka kwa sababu ya namba 98.

Mdogo wangu aliamka asubuhi na kuuliza kama toleo lilipanda. Halikupanda.

Baba alifika saa tatu kwa bodaboda. Nilitaka kumwambia ni malaria. Nikamwambia ukweli, mpaka ile raba mpya. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba kwa miaka yote aliyoiendesha, abiria walimlalamikia kuhusu ule upepo wa mlango wa nyuma, naye alikuwa akijibu ni AC ya bure. Hakucheka aliposema hivyo, wala mimi.

Tangu siku hiyo hakuna kinachowaka ndani ya gari langu wakati wa kulala. Baridi tunaipiga kwa blanketi nzito na chupa ya mpira ya maji moto, ambayo haili wati hata moja usiku kucha. Gesi ya kupikia, mtungi wa kilo 6, inakaa kwenye kabati lililozibwa upande wa ndani na lenye tundu sakafuni la kutokea nje, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hushuka. Juu ya paa nimekata tundu la hewa lenye feni ndogo, na chini ya mlango kuna jingine ambalo haliwezi kufungwa hata ukitaka. Vumbi limerudi. Nafuta kibodi.

Nimeweka pia king'ora cha kaboni monoksidi karibu na kichwa cha kitanda, maana gesi hii ina uzito unaokaribia ule wa hewa na haitulii sakafuni. Nilishawishika kukiunda mwenyewe kwa sensa ya MQ-7 ya bei rahisi. Nikaacha. Sensa hiyo lazima ipashwe moto kwa zamu, sekunde 60 kwa volti 5 na sekunde 90 kwa volti 1.4, na mimi ndiye niliyeshindwa kusoma kitanzi. Nunua kilichopimwa kwa kiwango cha EN 50291, na usidhani kimeharibika kikinyamaza kwenye kiwango kidogo. Kwa sehemu 50 katika milioni hulia baada ya saa moja hadi moja na nusu, kwa 300 hulia ndani ya dakika tatu. Soma na tarehe ya mwisho nyuma yake, sensa inazeeka.

Desemba iliyofuata Baba aliingia ndani kwa mara ya kwanza tangu viti ving'olewe. Alikagua mafuta ya injini kwanza, hiyo ni desturi yake, akauliza mkanda wa taiming umebadilishwa kilomita ngapi zilizopita, akapima nati za magurudumu kwa mkono. Kisha akakaa kitandani, mahali palipokuwa kiti cha nyuma, akakionyesha king'ora kwa kidole. Nikamwonyesha kitufe cha kujaribia. Akakibonyeza, kikalia, akaziba masikio yote mawili.

"Hata makanga wangu hakuwa na sauti hiyo," akasema, na akakibonyeza tena.