Karafuu Isiyonukia

Pemba hutambulikana kwa pua kabla ya macho. Msimu wa karafuu ukifika, majamvi hutandazwa viwanjani na kandokando ya barabara, kuanzia Mkoani hadi Wete, na harufu yake huingia majumbani bila ya kubisha hodi. Mzaliwa wa hapo haishughulikii. Ameizoea kama pumzi zake.

Kwa hiyo, miongoni mwa dalili za mwanzo za korona, iliyostahiki kumshitua mtu wa Pemba ni kutoweka kwa harufu. Mafua ya kawaida huziba pua, nayo ikizibuka harufu hurudi. Korona ya 2020 na 2021 iliweza kuiondoa harufu pua ikiwa wazi: mtu huinama juu ya jamvi, akavuta pumzi, asisikie kitu, huonja mchuzi, ukawa maji. Dalili nyengine zilifanana na maradhi ya siku zote. Homa iliitwa malaria, kikohozi kikavu kikaitwa vumbi, uchovu ukaitwa kazi ya mikarafuuni. Nazo zilijitokeza baina ya siku 2 na 14 baada ya kuambukizwa, mtu akiwa ameshakula sinia moja na wanawe.

Lakini dalili yataka jina. Mwanzoni mwa 2021 takwimu za ugonjwa zilikuwa hazitangazwi, na misibani yakatembea maneno ya adabu: changamoto ya upumuaji. Maneno hayo yaliwasitiri wafiwa, hayakumwonya jirani. Mwishoni mwa Januari mwaka huo, chama cha ACT-Wazalendo kikatangaza kwamba mwenyekiti wake, Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, amepatikana na korona. Alifariki Muhimbili tarehe 17 Februari, akazikwa kwao Mtambwe, Pemba. Ugonjwa uliokuwa ukinong'onwa ulikuwa umeshatajwa pamoja na jina linalojulikana na kila nyumba kisiwani.

Tangu Omikroni ienee mwishoni mwa 2021, kupotea kwa harufu kumepungua. Mara nyingi koo na mafua ndiyo hutangulia. Lisilobadilika ni kwamba pumzi ikipungua, au kifua kikibana, hapana tena kungoja: ni hospitali. Na anayeitaja dalili siku ya kwanza hajitii aibuni. Humpa mama yake mzee, na jirani yake mwenye kisukari, nafasi ya kukaa mbali naye kwa siku chache.