Chambo cha Halali



Nyinyi mlioko pwani mmezowea dema, mshipi na jarife, na maji yaliyo wazi. Huku Sepuka, wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, bahari hatuna. Lakini upande wa machweo nchi huteremka kuelekea mbuga za Wembere, na mvua zikinyesha mbuga hizo hufurika. Maji yake huenda Ziwa Kitangiri, na kutoka huko hupita Mto Sibiti mpaka Ziwa Eyasi. Humo mna matete, mafunjo na mayungiyungi yaliyosongamana, na chini ya majani hayo hukaa kambare.

Kijana mmoja aliniuliza baada ya darsa: "Sheikh, majani yamesonga, wavu haupiti. Wako wanaonambia nimtunge chura hai katika ndoana. Wako wanaonambia nimwage dawa ya kuogeshea ng'ombe, nijaze kikapu kwa saa moja. Nifanyeje, na nyumbani wananingojea?"

Swali hili si dogo, kwani njaa ya watoto imo ndani yake. Nimeona jawabu lake liwafae wengi.

Kwanza, chura. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, tabibu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kumtia chura katika dawa, naye akakataza kumuua. Ikiwa hakuruhusiwa kwa dawa ya mgonjwa, vipi aruhusiwe kwa chambo? Na kumtunga kiumbe hai juu ya chuma akiwa anatapatapa ni adhabu juu ya adhabu.

Wala haja ya chura haipo. Wamarekani wana samaki wao, bass, ambaye katika miaka ya 1920 aliletwa mpaka Ziwa Naivasha, Kenya. Naye hupenda kujificha majanini. Wavuvi wao humtengenezea chura wa mpira, mwenye uwazi ndani, na ndoana zake zimelala mgongoni zikitazama juu, ili apite juu ya majani bila ya kunasa. Samaki akiuma, mpira hubonyea, na ndoana humshika.

Asiyekuwa na mpira ana nyungunyungu. Amkate kwanza, asimtunge akiwa hai, kisha amvishe ndoana mpaka ncha yote ifichike. Ncha iliyofichika hainasi majani. Asitupe mbali. Achukue ufito mrefu na mshipi mfupi ulio imara, atafute tundu baina ya majani, ateremshe chambo wima kama ateremshaye ndoo kisimani. Kambare hutafuta chakula kwa harufu na kwa sharubu zake, na hutembea zaidi usiku. Basi magharibi ikiingia, mtu asali kwanza, kisha akavue. Matumbo ya kuku aliyechinjwa yanafaa, na kipande cha sabuni ya kufulia pia humvuta. Akishika, anyanyuliwe moja kwa moja juu. Ukimburura ubavuni atajizonga katika matete, nawe utabaki na uzi.

Pili, sumu. Hii haina mjadala. Kambare hutaga mayai katika nyasi zilizofurika mvua ziingiapo. Anayemwaga sumu majanini hakuvua samaki wa leo tu. Ameua na wa mwakani, kabla hawajaonekana. Ng'ombe wa jirani watakunywa maji hayo, na akina mama watayateka. Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003 imekataza sumu, kama ilivyokataza baruti iliyovunja matumbawe yenu huko pwani. Na utupa ni sumu vilevile, ijapokuwa ni mti wa porini.

Pengine utasema: chambo nacho si hadaa? Naam, ni hila; lakini ni hila juu ya windo tulilohalalishiwa. Hila iliyokatazwa ni ya mtu kwa mwenziwe na ya mja kwa Mola wake. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta chini imelowa, akamkemea mwenye kuuza. Basi anayeuza samaki wa sumu kwa jina la samaki wa ndoana, huyo chambo chake amemtegea Muislamu mwenziwe.

Na katika Sura ya Al-Aaraf mna habari za watu wa mji wa kando ya bahari, waliojaribiwa kwa samaki waliojitokeza wazi siku ya Sabato. Wako waliovunja amri, wako waliowakataza, na wako waliosema: ya nini kuwawaidhi? Waliookolewa waliotajwa ni wale waliokataza.

Kwa hiyo, ewe msomaji, jambo hili si la mvuvi peke yake. Unaponunua samaki, muulize muuzaji amevuliwaje. Akikwambia kwa sumu, usinunue hata akiwa rahisi, na umwambie kwa nini hununui. Kambare mmoja wa halali aliyengojewa kwa subira huwatosha watoto kwa usiku mmoja, na kesho tundu la majani litakuwa na mwengine, Inshallah.

Wabillahi tawfiq.