Pete Yenye Nitrojeni

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokatika, lakini kuna umbo moja la kemia halijanitoka kichwani: pete mbili zilizoshikana, na mahali pamoja kaboni imeipisha nitrojeni. Hiyo ni kwinolini. Imo ndani ya kwinini, ile dawa chungu iliyofanya masikio ya nyanya yangu kule Busia yalie siku tatu. Lakini aliamka.

Mwaka wa 1856, William Perkin, kijana wa miaka 18, alijaribu kutengeneza kwinini nyumbani kwao London, likizo ya Pasaka. Idadi ya atomi ilijulikana. Vile zimepangwa, hakuna aliyejua. Akapata uchafu mweusi. Alipouosha kwa spiriti, ikatoka zambarau. Akaacha chuo, mwalimu wake Hofmann akimkataza, akaanzisha kiwanda cha rangi. (Kwa pesa za babake. Sehemu hiyo huwa hawanitumii, hawa wa kunitumia hadithi za walioacha shule wakatajirika.)

Kwinini yenyewe ilingoja hadi 2001, Gilbert Stork na wenzake walipoijenga kila atomi ikielekea upande wake. Makala yao niliisoma kwa simu, bando ikiisha. Nilielewa hatua nne. Bado naisoma.