Foleni Imejaa, Lakini Usimlaumu Jirani

Mwezi uliopita nilimpeleka dani kliniki, huku kwetu Migori. Dani ni nyanya yangu, ana presha. Tulifika saa moja asubuhi, akaonwa saa nane mchana. Kwa daktari alikaa dakika tatu, nilipima na simu. Hata hakuulizwa kama analala vizuri.

Tukiwa kwa foleni nikasikia mama mmoja akinong'ona, "Ni hawa wa CCC wametujazia hapa." Manze, hiyo iliniuma.

Wacha nikukumbushe kitu. Kwa miaka mingi wanaoishi na virusi vya ukimwi Migori na Homa Bay walikuwa na kliniki zao, ndio hizo CCC, na wahudumu wengi walilipwa na pesa za Marekani. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada. CCC nyingi zikaunganishwa na foleni ya kawaida. Wagonjwa wakaletwa kwetu, lakini ile mishahara haikuja nao. Shida iko hapo, si kwa jirani yako.

Na unajua nini? Hao hao wa CCC wana kitu cha kutufundisha. Mtu ambaye dawa zimemkubali na virusi vimeshuka anaweza kupewa ARV za miezi mitatu, hata sita, kwa mara moja. Haji kila mwezi, kwa hivyo daktari anapata muda wa yule amelemewa kabisa. Sasa dani, presha yake imetulia miaka, lakini kila mwezi lazima apande boda kufuata vidonge vya siku 30. Kwa nini?

Hata wahudumu wa afya wa vijijini, CHP, ni vivyo hivyo. Tangu 2023 kila mmoja amewekewa takriban nyumba 100. Nyumba 100 za Rongo mjini zimekaribiana. Nyumba 100 za kisiwa cha Mfangano, kule Homa Bay, ni kupanda na kushuka milima. Hesabu ni moja, kazi si moja.

Kwa hivyo wakubwa wakigawa wagonjwa, wasihesabu vichwa tu. Waulize nani anahitaji muda gani. Aliyetulia apewe dawa za kutosha akae nyumbani. Aliyezidiwa apewe zaidi ya dakika tatu. Na waajiri watu, kwa sababu hakuna mpangilio utamfanya daktari mmoja awe wanne.

Dani anarudi wiki ijayo, na nitakuwa naye. Nikimpata yule mama, nitamsongea kwa benchi akae, tuongee. Muda tutakuwa nao mwingi.